Historia ya Ulaya Katika Vyuo vya Wananchi: Inatuhusu Nini?



Katika ziara zetu kwenye parokia na sharika za Mbeya na Iringa, kuna swali ambalo limejirudia karibu kila tulipozungumzia wasichana na akina mama vijana wanaorudi masomoni kupitia vyuo vya maendeleo ya wananchi. Wajumbe wa kamati huelewa haraka habari ya cherehani na ya mapishi. Hisabati na Kiingereza pia hawana shida navyo. Lakini wakiona katika orodha ya vitabu vinavyoombwa kuna kitabu cha historia, na ndani yake mna Wareno, Martin Luther na biashara ya watumwa kuvuka bahari ya Atlantiki, mjumbe mmoja huvua miwani na kuuliza: "Huyu binti ana mtoto mgongoni na shamba linamsubiri. Mambo ya Ulaya ya miaka mia tano iliyopita yatamfaa nini?"

Swali hilo ni la haki. Wafadhili wetu nao huuliza lile lile kwa maneno yao. Makala hii inajaribu kulijibu kwa kutazama vitu vilivyo karibu nasi, na kueleza pia mahali ambapo kamati zinaweza kusaidia bila kutoa hata shilingi.

Vyuo hivi vilitoka wapi

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa mwaka 1975. Serikali ya Tanzania, kwa msaada wa Sweden, ilichukua wazo la shule za wananchi za nchi za Skandinavia na kuliunganisha na kampeni ya elimu ya watu wazima ya Mwalimu Nyerere. Mbeya kuna chuo cha Nzovwe na Iringa kuna cha Ilula. Kwa miaka mingi wananchi wamevifahamu kwa useremala, uashi, ushonaji, umeme na kilimo.

Wengi hawajui kwamba mwanzilishi wa wazo lenyewe alikuwa mchungaji wa Kilutheri wa Denmark, N.F.S. Grundtvig (1783–1872), na kwamba somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa historia. Grundtvig alichukia shule za Kilatini za zama zake, ambazo kijana wa mkulima akiingia alitoka akiwa hana lugha ya kwao wala kazi ya mikono. Alitaka shule ambayo watu wazima watasimuliwa habari za ulimwengu kwa lugha ya nyumbani, waimbe, wabishane, kisha warudi shambani wakiwa na akili iliyofunguka. Shule ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Wazo lilipofika kwetu, randa na mwiko vilipata nafasi kubwa na historia ikasogezwa pembeni. Hatulaumu, kwa sababu kijiji kilihitaji mafundi.

Sasa historia imerudi kwa mlango mwingine. Kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, unaohusishwa na Karibu Tanzania Organization, vyuo hivi viliwapokea wasichana waliokatishwa masomo, wakiwamo waliopata ujauzito, pamoja na watoto wao. Mama akiwa darasani, mtoto analelewa hapo hapo chuoni. Masomo ya sekondari hufupishwa: kwanza Mtihani wa Maarifa, yaani QT, kisha mtihani wa kidato cha nne. Tarehe 24 Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba waliokatisha masomo wanaweza kurudi pia katika shule za kawaida. Hata hivyo, kwa mwenye mtoto anayenyonya, chuo chenye mahali pa kulelea watoto bado ni njia iliyo rahisi zaidi. Na kwa chuo kisicho na maabara, historia ni mojawapo ya masomo yanayowezekana, maana mahitaji yake ni kitabu, ramani na mwalimu.

Sahani ya mchana

Mwandishi wa makala hii alisoma historia kwa kukariri. Tulipewa hoja sita za kwa nini Wareno walikuja pwani yetu, tukaziimba kama shairi, tukazimwaga kwenye karatasi ya mtihani, na wiki iliyofuata hazikuwapo kichwani. Hakuna aliyetuambia tutazame sahani zetu.

Mahindi asili yake ni Mexico. Maharage, nyanya, maboga, mihogo na karanga vyote vilitoka Amerika. Viazi mviringo, ambavyo leo hupakiwa kwa magunia kutoka Umalila na Uporoto, vilizaliwa katika milima ya Andes. Kabla ya Christopher Columbus kuvuka bahari mwaka 1492 hapakuwa na mtu Afrika aliyewahi kuonja ugali wa mahindi. Vasco da Gama alifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498, Wareno wakaishambulia Kilwa mwaka 1505, na mazao ya ng'ambo yakaanza safari yake ndefu kutoka bandarini kwenda bara, mkono kwa mkono, muda mrefu kabla Mzungu yeyote hajauona mlima Rungwe. Kilichokuwa chetu tangu zamani ni ulezi na mtama. Ndiyo maana wazee wetu katika shughuli za jadi hutaka pombe ya ulezi.

Mwanafunzi akianza hapo, hoja sita zinapata mahali pa kushika.

Kabati la ofisi ya parokia

Kila parokia ina kabati, na ndani ya kabati mna madaftari makubwa ya ubatizo na ya ndoa. Makatibu wetu huyaandika kila wiki, pengine bila kujiuliza nani aliamuru yaandikwe.

Kwa upande wa Kanisa Katoliki, amri ya daftari la ndoa ilitolewa na Mtaguso wa Trento mwezi Novemba 1563. Mtaguso huo ulikutana kwa vipindi kuanzia mwaka 1545 ili kujibu Matengenezo aliyoyaanzisha Martin Luther mwaka 1517 na kusafisha nyumba kwa ndani. Kuhusu ndoa, uliamua kwamba tangu hapo ndoa ifungwe mbele ya paroko na mashahidi wawili au watatu, matangazo yatolewe kwanza mara tatu, na paroko aandike kitabuni majina ya wanandoa na ya mashahidi, pamoja na siku na mahali. Kule Uingereza, ambako mfalme alikuwa amejitenga na Roma, amri ya kuandika ubatizo, ndoa na mazishi ilikuwa imekwisha kutolewa mwaka 1538.

Sababu iliyotolewa na Trento ndiyo inayoligusa darasa letu. Zamani ilitosha mwanamume na mwanamke kuahidiana wao wawili, hata kichochoroni, na ndoa ikahesabika. Tamko la mtaguso linaeleza wazi ubaya uliotokana na hali hiyo: mwanamume anamwoa mwanamke kwa siri, anamwacha, kisha anafunga ndoa ya hadharani na mwingine, na yule wa kwanza hana shahidi wa kumtetea. Mwalimu akisoma hapo mbele ya akina mama vijana, wengine wao wakiwa waliahidiwa ndoa na watu ambao leo hawapokei simu, hahitaji kufafanua zaidi. Majadiliano huanza yenyewe. Je, daftari lilimlinda mwanamke, au lilimpa kanisa mamlaka zaidi juu ya nyumba za watu? Yote mawili yana ukweli, na mwanafunzi anayeweza kuzitetea pande zote mbili kwa mifano amekwisha kujifunza kujenga hoja kwenye insha.

Daftari lile pia linafundisha chanzo cha historia ni kitu gani. Mtaala unataka mwanafunzi ajue vyanzo: masimulizi, maandishi, masalio ya kale, majengo. Kwa kawaida huvitaja tu. Kumbe maandishi yenye umri wa miongo mingi yako umbali wa kutembea kwa miguu, na pembeni yake yuko bibi anayekumbuka kanisa lilipokuwa la nyasi.

Kijiji kinachoitwa Pommern

Wilayani Kilolo, mkoani Iringa, kuna kijiji kinachoitwa Pommern. Jina si la Kihehe. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walikiita hivyo enzi za utawala wa Kijerumani, kwa kukumbuka jimbo la Pomerania lililo kwenye ufuko wa bahari ya Baltiki.

Pomerania iliyapokea Matengenezo mwaka 1534, yakiongozwa na Johannes Bugenhagen, rafiki na mchungaji wa Luther mwenyewe. Miaka themanini na kitu baadaye ilikanyagwa na Vita ya Miaka Thelathini (1618–1648), ikawa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi katika Ujerumani yote. Vita hiyo ilianza kama ugomvi wa Wakatoliki na Waprotestanti huko Praha, ikaishia kuwa vita ya wafalme wa dini zote wakigombea ardhi na bandari. Amani ilipowekwa Westphalia mwaka 1648, sehemu ya magharibi ya Pomerania ilikabidhiwa Sweden. Naam, ni Sweden hii hii iliyotusaidia mwaka 1975 kuanzisha vyuo vya wananchi. Wakati ule jeshi lake lilikuwa likiogopwa Ulaya nzima. Jambo hili huwashangaza sana wanafunzi, na pengine wafadhili pia.

Vita hiyo hiyo ndiyo iliyotuletea, kwa njia ndefu, Kanisa la Moravian la Mbeya. Waprotestanti wa Bohemia walishindwa katika pigano la Mlima Mweupe, Novemba 1620, na dini yao ikapigwa marufuku. Kati ya waliokimbia alikuwamo mchungaji wa Umoja wa Ndugu, Jan Amos Comenius, aliyezaliwa Moravia mwaka 1592. Mke wake wa kwanza na watoto wao wawili walikufa kwa tauni. Mwaka 1628 aliiacha nchi yake na hakurudi tena. Mwaka 1656 moto wa vita nyingine uliteketeza nyumba yake ya ukimbizini na maandishi ya miaka mingi. Alikufa Uholanzi mwaka 1670, akiwa askofu wa kanisa lililokuwa karibu kutoweka.

Mtu huyu aliyepoteza kila kitu alitumia maisha yake kufikiria shule. Alidai kwamba wafundishwe wote, tajiri na maskini, wavulana na wasichana, katika enzi ambayo wengi waliona kumfundisha msichana ni kupoteza mshumaa. Alisema mtoto asome kwanza kwa lugha ya mama yake, Kilatini kije baadaye, na afundishwe kwa kuona kitu chenyewe kabla ya kukariri neno. Mwaka 1658 alitoa kitabu cha picha ambamo kila picha ina namba, na kila namba ina neno kwa Kilatini na kwa Kijerumani. Kitabu hicho kilitumika Ulaya kwa zaidi ya miaka mia moja. Kabla ya hapo, mwaka 1642, Sweden ilikuwa imemwita aiandikie vitabu vya shule.

Mwaka 1722 wakimbizi kutoka Moravia walipewa mahali pa kuishi katika ardhi ya bwana Zinzendorf huko Saxony. Wakajenga kijiji cha Herrnhut, na kanisa lao likafufuka. Kutoka Herrnhut wamisionari walikwenda sehemu nyingi za dunia, na mwaka 1891 wakafika Rungwe. Msichana wa Kinyakyusa anayesoma Nzovwe akiwa Mmoravian ana ukoo wa kiimani na mkimbizi aliyedai wasichana wafundishwe. Kitabu cha kiada hakimwambii hivyo. Mwalimu anaweza kumwambia kwa dakika kumi.

Ukurasa mgumu

Hapa tunafika mahali ambapo baadhi ya kamati zimetuambia waziwazi kwamba zina wasiwasi. Darasa likifanyika katika ukumbi wa parokia, je, mwalimu atafundisha mambo ya kulidhalilisha Kanisa?

Atafundisha yaliyotokea. Zama zilizomleta Luther na Comenius ndizo zilizoleta meli za watumwa. Mwaka 1452 Papa Nikolasi wa Tano alimpa mfalme wa Ureno idhini ya kuwashinda na kuwafanya watumwa watu wasio Wakristo. Papa Paulo wa Tatu, mwaka 1537, alitamka kwamba wenyeji wa Amerika wasinyang'anywe uhuru wala mali zao, lakini meli hazikusimama. Idara za Vatikani zilitoa tamko tarehe 30 Machi 2023 la kuikana ile iliyoitwa kanuni ya ugunduzi, iliyotokana na hati kama hizo za karne ya 15. Waprotestanti nao wasitabasamu. Wamisionari wa kwanza wa Moravian walikwenda mwaka 1732 kwenye kisiwa cha St. Thomas, kilichokuwa cha Denmark, ili kuwahubiri Waafrika waliokuwa watumwa wa mashamba ya miwa, na wengine kati yao walivumilia mateso kwa kazi hiyo. Miaka michache baadaye misheni hiyo hiyo ilinunua shamba pamoja na watumwa.

Tumelijadili jambo hili ofisini, na hatukukubaliana wote. Wapo waliosema akina mama hawa wana mizigo ya kutosha, wafundishwe ya kuwajenga. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kuwaficha ni kuwadharau. Maswali ya biashara ya pembetatu kati ya Ulaya, Afrika na Amerika yamo katika mtaala, kwa hiyo watayakuta tu. Ni afadhali wayakute mikononi mwa mwalimu anayejua pia habari za Trento na Herrnhut kuliko kwenye karatasi za kudurufu zenye hoja sita. Tena hawa ni watu ambao jamii iliwahukumu kwa kosa moja na kuwafungia mlango. Wanafahamu kuliko sisi kwamba mtu, au kanisa, anaweza kufanya jema na baya katika maisha yale yale.

Kiingereza

Kikwazo kikubwa cha somo hili si Ulaya. Ni lugha. Shule ya msingi ni kwa Kiswahili, na sekondari ni kwa Kiingereza. Mtaala mpya umeleta Historia ya Tanzania na Maadili kwa Kiswahili, jambo ambalo tunalifurahia, lakini somo la Historia lenyewe bado linajibiwa kwa Kiingereza. Mama aliyeacha shule miaka minne iliyopita anaweza kueleza vizuri kabisa kwa nini Wareno waliitaka Kilwa, akaishia kuandika mistari mitatu kwenye mtihani.

Walimu waliofanikiwa kidogo hufanya kama alivyoshauri yule askofu mkimbizi, wengine bila kumfahamu. Jambo hufundishwa kwanza kwa Kiswahili, hadi darasa lianze kubishana. Kisha maneno ya Kiingereza yanayohitajika, kama ishirini hivi kwa kila mada, huandikwa ukutani chini ya picha au ramani. Mwisho wanafunzi huandika insha fupi kwa Kiingereza, wakiwa tayari wana la kusema. Njia hii hula muda. Mwalimu mwenye kipindi kimoja kwa wiki na mada kumi mbele yake hushawishika kurudi kwenye kukariri, na hatuwezi kumlaumu.

Kwa hiyo msaada wa vitabu na ramani za ukutani tunaouomba kwa wafadhili si wa pambo. Ramani moja kubwa ya dunia huokoa vipindi vingi, kwa sababu mwanafunzi ambaye hajui Ureno iko wapi hawezi kushangazwa na umbali waliosafiri. Kamusi za Kiingereza na Kiswahili nazo huchakaa haraka, zikipita mikono ya watu thelathini.

Kwa kamati za parokia na sharika, ombi letu ni tofauti. Mwalimu akija na darasa, mfungulieni ofisi. Katibu akae nao, awaonyeshe ukurasa mmoja au miwili ya zamani katika daftari, iliyochaguliwa mapema, isiyo na majina ya watu walio hai wala habari za kuaibisha familia. Mzee wa kanisa awaonyeshe jengo na kueleza lilijengwa na nani, kwa matofali ya nani, na kama wajenzi walilipwa. Swali la mwisho hilo lisikwepwe. Mtoto akilia, akina mama wa jumuiya wamshike kwa saa moja.

Ziara za namna hii zinafaa baada ya mavuno, kabla ya mitihani ya mwisho wa mwaka. Kamati iliyo tayari itupe siku mbili tatu za kuchagua, tena mapema, kwa maana mvua za kwanza zikinyesha hata mwanafunzi mwenye bidii hupatikana shambani, akipanda yale mahindi ya Mexico.